Pompe Isiyotoa Maji

Lubumbashi kuna pompe za namna tatu. Ya kwanza ni ya kisima: mpini unasukumwa juu na chini mpaka ndoo ijae. Ya pili ni ya fundi baiskeli, ya kujazia upepo. Ya tatu haitoi maji wala upepo. Kijana ameweka viganja chini uani kwao, mwili umenyooka kutoka kisogo hadi visigino, kifua kinashuka hadi karibu kiguse ule udongo mwekundu, kisha kinapanda. Zote zinaitwa pompe, neno la Kifaransa. Aliyelitumia kwanza kwa zoezi hili aliona mwili ukipanda na kushuka, akaukumbuka mpini wa kuvuta maji. Neno likasafiri na picha yake mpaka Katanga, eneo la Lubumbashi, na huko halikuhitaji maelezo. Si kila ua wa mitaa ya Katuba au Ruashi una bomba linalotiririka, na kila anayeteka maji anajua mpini unavyoyafanya mabega.

Lilipofika likavishwa kienyeji. Wingi wake ni ba-pompe. Pwani, watu wana kiambishi wa-; Lubumbashi wana ba-: bantu, batoto, bamama. Ba- hiyohiyo hupachikwa pia kwenye maneno ya Kifaransa yanayoingia mjini kila siku, kwa hiyo ba-pompe wamekaa benchi moja na bamama na batoto bila mtu kushangaa. Kitenzi nacho kina kichekesho chake. Katika Kiswahili cha Katanga, g ya kupiga husikika k, ndiyo maana mtu wa Lubumbashi anapika simu na hakuna kinachoungua. Akisema amepika pompe ishirini kabla ya chai, mgeni kutoka Tanga atatafuta sufuria. Ajabu hiyo ina malipo yake, kwa sababu mgeni huyo akitaja makala, mwenyeji atawaza gunia: Lubumbashi makala ni yale yanayotiwa kwenye mbabula, yanayoitwa makaa kwingineko. Naomba basi makala haya yasomwe, yasiwashwe.

Mazoezi ninayoyasema ni yale mafupi, ya dakika chache kila siku, yasiyotaka kifaa wala ada. Mtu anayafanya chumbani au uani, na kama ni Juni au Julai anayafanya upesi, maana mji uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na baridi ya asubuhi haina mzaha. Ukiuliza majina utapewa Kifaransa kilichokwisha kulainika mdomoni. Abdo ni ya tumbo. Genaji ni kule kujiweka juu ya viwiko na ncha za vidole bila kutikisika. Seri ni mkupuo mmoja. Futingi ni kukimbia taratibu, na hilo nalo lina mkasa, kwani Wafaransa walilitengeneza wenyewe kutokana na neno la Kiingereza la mguu, na Mwingereza akilisikia hajui kwamba kuna mtu anakimbia. Anayelipia ukumbi wenye vyuma huenda "ku sale", yaani chumbani kwa Kifaransa, na mtu wa Pwani akisikia haraka atamsifu kwa uchaji, akidhani jamaa amekwenda kusali.

Majina, basi, ni ya Kifaransa. Lakini sikiliza kinachosemwa mwili unapoanza kutetemeka. Shuka. Panda. Inama. Inuka. Kaza. Usilegee. Wakiwa wengi: musimame. Nomino zimeazimwa, amri zimebaki nyumbani. Jambo hili hutokea mara nyingi mno kuwa la bahati tu, nami nadhani ndilo linalopaswa kumwongoza yeyote anayetaka kuyapatia mazoezi haya istilahi za Kiswahili. Waundaji wa istilahi huanza na nomino. Wanachukua jina la kigeni, wanatafuta jina la kwetu la kulikalia, na kama halipo wanaliunda. Kwa kemia njia hiyo inafaa. Kwa mwili unaoshuka na kupanda, mlango uko upande wa pili, kwenye kitenzi.

Neno mazoezi lenyewe linaonyesha hivyo. Lilinganishe na wenzake. Jimnastiki limetoka Kigiriki, na katika mzizi wake kuna mtu aliye uchi, kwa kuwa vijana wa Kigiriki walifanya mazoezi bila nguo. Spoti lilianzia katika Kifaransa cha kale, kwa neno la burudani, likapita Uingereza, likarudi duniani likiwa na saa na jedwali la mabao. Michezo yetu inatoka kwa kucheza, kitenzi kinachobeba mpira na ngoma kwa pamoja. Zoezi limetoka kwa kuzoea, kupitia kuzoeza. Ndani ya neno hili hakuna uchi, hakuna burudani, hakuna mshindi. Kuna kurudia mpaka kitu kigeni kiwe cha kawaida. Ndiyo maana mwalimu wa hesabu naye hutoa zoezi, na mtoto hashangai kwamba jina moja linatumika kwa kugawanya desimali na kwa kuruka kamba.

Wataalamu wa afya wamelifikia wazo hilo kwa kuzunguka. Kwa miaka mingi ilielekezwa kwamba jasho lihesabiwe tu likitoka dakika 10 mfululizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 uliliondoa sharti hilo: mtu mzima anashauriwa kufikisha dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku 2, na vipande vidogo navyo vinaingia katika hesabu. Mwaka 2013 wataalamu wawili, Brett Klika na Chris Jordan, walichapisha mpango wa mazoezi 12, kila moja sekunde 30 na pumziko la sekunde 10, bila kifaa zaidi ya ukuta na kiti. Ukasambaa duniani kwa jina la dakika saba. Wazo lilikuwa la zamani. Mdenmarki J. P. Müller alitoa kitabu chake cha dakika 15 kwa siku mwaka 1904, na jeshi la anga la Kanada lilikuwa na ratiba ya dakika 11 kwa wanaume na 12 kwa wanawake. Kila kizazi hugundua upya dakika chache na kuziwekea namba. Mwenye Kiswahili alikuwa na zoezi, neno lisilotaja dakika hata moja, linalodai tu kwamba kesho urudi.

(Hapo hapo niseme neno juu ya Tabata, kwa kuwa siku hizi kila kitu cha dakika nne kinaitwa hivyo. Izumi Tabata na wenzake, mwaka 1996, waliwaweka wanariadha juu ya baiskeli ya maabara: sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara kadhaa, mpaka miguu ikakataa. Anayepiga pompe tano huku akiangalia simu asimtaje Mjapani huyo.)

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mji wenye wapenda mazoezi wengi haujajitungia majina. Sababu moja, naona, ni upweke. Msamiati wa mwili huzaliwa penye kundi. Tanzania kuna mchakamchaka, neno linalokimbia lenyewe: nyayo mbili, kisha nyayo mbili, katika silabi. Halikuandikwa na kamati. Limekua kwenye viwanja vya shule na kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilianza 1963, mahali ambapo mmoja anaimba na mia wanaitikia. Huko huko ndiko kulikokua kichurachura, adhabu ya kuruka umechuchumaa, ambayo kila aliyepita shule ya msingi anaikumbuka magotini. Na vijana wa mitaani wana tizi, fupi kama wanavyotaka mambo yawe. Kukimbia kwa kundi kuna nguvu kiasi kwamba serikali huweza kukuogopa: Machi 2014 Burundi ilipiga marufuku vikundi vya kukimbia mitaani, ikidai kwamba nyuma ya viatu vya mazoezi kulikuwa na siasa. Pompe za alfajiri hazimtishi waziri yeyote. Mtu yuko peke yake, anahesabu kimoyomoyo, haimbi wala haitikiwi. Akihitaji jina la anachofanya, analichukua kwenye simu, na simu ya Lubumbashi husema Kifaransa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kazi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ikaanzishwa 1910, na 1911 tanuru likatoa shaba yake ya kwanza. Wafanyakazi walitafutwa mbali, wakaletwa, wakapimwa. Madaktari katika Kongo ya Kibelgiji walitumia kipimo cha Pignet, mganga wa jeshi la Ufaransa. Chukua kimo cha mtu kwa sentimita, ondoa jumla ya mzunguko wa kifua na uzito wa kilo. Namba ikiwa ndogo, mtu ni imara. Mwenye kimo cha 170, kifua 88 na kilo 64 anapata 18. Kwa hesabu kama hiyo miili ilipangwa kwenye madaraja, na kimo, kifua na uzito vikaandikwa katika daftari la mwajiri miaka mingi kabla ya mtu yeyote mjini kujipima mwenyewe mbele ya kioo.

Katika mji wa namna hiyo, kazi si neno la kawaida. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekaa Katanga akisikiliza wafanyakazi wa migodini waliokuwa katika Jamaa, ile harakati ya kidini iliyotokana na mafundisho ya padri Placide Tempels, alichapisha mwaka 1973 makala nzima juu ya neno hili moja, kazi. Alikuta lina maana pana kupita ajira. Na mji huu unajua kuyaheshimu maneno: mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani walitoa historia ya Élisabethville kwa Kiswahili, kupitia kwa André Yav, na katika jina lake wakaiita msamiati: Vocabulaire. Historia iliyojiita msamiati! Sijaona jina la kitabu linalonifurahisha zaidi.

Sasa mtazame anayeingia mjini na baiskeli iliyopakiwa magunia ya makala kutoka misitu ya miombo. Haipandi, anaisukuma, kifua kimeinamia usukani, mapaja yanafanya kila kitu ambacho mwalimu wa mazoezi angekitaka. Ukimwambia kwamba anafanya spoti, atakuona mjinga. Anafanya kazi. Spoti ni jasho lisilolipwa, la mtu ambaye jasho lake la kulipwa halimtoshi, au halipo kabisa kwa sababu anashinda amekaa. Kwa hiyo Lubumbashi ilihitaji neno la kigeni kutenga jasho na jasho, na neno la kigeni likaja na familia yake yote: pompe, abdo, genaji. Neno mazoezi halikatazi tofauti hiyo, lakini halijajengwa juu yake. Mwenye baiskeli amezoea. Karani anajizoeza.

Nirudi kwenye amri, maana hapo ndipo Kiswahili kina hazina ambayo sijaona ikichimbwa.

Inama, inuka. Mzizi ni mmoja. Mkia -ama unauweka mwili katika hali na kuuacha humo. Mkia -uka unautoa. Kwama, kwamuka. Gandama, ganduka. Na hata mkia wa pili usipokuwepo, ule wa kwanza uko kila mahali mwili unapokaa kwa namna fulani: simama, chutama, egama, angama. Si wa Kiswahili peke yake. Lubumbashi husikika kufukama, kupiga magoti, kitenzi ambacho Mbemba na Mluba wote wanakijua nyumbani kwao, na mkia wake ni uleule. Bibi aliyefukama kumwamkia mkubwa, na kijana anayeinama na kuinuka uani, wametumia kiungo kimoja cha sarufi. Anayetaka kufundisha mazoezi ya mwili kwa Kiswahili ana mfumo mzima wa kushuka na kupanda, ulioundwa kabla ya Müller na kabla ya Wagiriki.

Lakini mfumo huo una tabia yake, na anayeupuuza atatafsiri vibaya. Vitenzi vya -ama ni vya kukaa katika hali; havihesabiki. Chukua zoezi la kushuka kwa magoti na mapaja. Vitabu vingi vya Kiswahili huliita kuchuchumaa, kitenzi chenye tabia ileile. Sasa nenda kwenye ua wowote jioni, umwone mama amechuchumaa mbele ya mbabula akipepea makala mpaka yashike. Amechuchumaa dakika kumi, visigino viko chini, mgongo umetulia, anazungumza na jirani. Kwake kuchuchumaa ni kupumzika huku unafanya kitu. Ukimwambia achuchumae mara ishirini, hakuna anachoelewa, kwa kuwa hajainuka hata mara moja. Zoezi halimo katika kitenzi kile. Limo katika safari kati ya vitenzi viwili. Kwa hiyo ningeandika chutama-inuka, kwa kistari, na ningehesabu hivyo: chutama-inuka ishirini. Ni refu kidogo kwenye karatasi. Mdomoni lina mdundo, nao ndio unaotakiwa.

Na pale ambapo zoezi lenyewe ni kukaa katika hali, mfumo unatupa zawadi. Genaji ni neno la ajabu hata kwa Mfaransa. Limetokana na ala, ile ya kisu: tumbo limekazwa kama limevikwa ala. Pwani nimeona likiitwa ubao, kwa kufuata Kiingereza, na ubao silipendi. Linamwambia mtu awe kitu kilichokufa, wakati kinachomtetemesha ni uhai. Kuna mshindani mzuri, kuangama: kuwa juu, umening'inia, bila kugusa chini isipokuwa kwa ncha zako. Kinaeleza umbo barabara. Hata hivyo ningechagua kujikaza, kwa sababu moja tu. Istilahi ya mazoezi lazima iweze kupigiwa kelele. Hakuna mwalimu atakayesema "Angama!" kwa mtu anayelegea sekunde ya arobaini. Atasema "Jikaze!" na mtu atajikaza, kwa kuwa amekwisha kuambiwa hivyo na mjomba wake siku ya tohara na mama yake siku ya msiba. Wengine watasema neno limebeba mzigo mwingi mno kufaa kuwa istilahi. Mimi naona mzigo huo ndio unaolishikilia tumbo.

Kujikaza kunatuleta kwenye kiambishi nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Mazoezi yasiyotumia vyuma huitwa mazoezi ya uzito wa mwili. Maneno matano yaliyotafsiriwa kwa uaminifu, na yanasikika kama hati ya forodha. Yanadokeza kwamba kuna mwili huku na uzito kule, na mmoja anamtumia mwenzake. Kiswahili kina silabi moja ya jambo hilo: ji-. Kuinua chuma ni kuinua. Kuinua mwili wako ni kujiinua. Kujivuta kwenye tawi la mwembe, kujisukuma kutoka ardhini, kujibeba, kujinyoosha, kujikunja. Mzigo ni wewe na mchukuzi ni wewe, na sarufi imekwisha kusema hivyo kabla hujaongeza neno. Katanga, ambako wazee wa jana walimbeba mkubwa wa Kizungu mabegani katika kipoyi, kujibeba si kitenzi chepesi. Ningependa kuona kitabu cha mazoezi cha Kiswahili chenye sura mbili tu: Kuinua, na Kujiinua.

Pompe, katika sura hiyo ya pili, itakuwa nini? Kujisukuma ndilo jibu la haraka, na Kiingereza kinacheka nyuma yake. Kujiinua ni pana mno. Nakubali kushindwa na kisima: pompe ibaki. Imeishi Lubumbashi muda wa kutosha kupata kiambishi cha wingi na kitenzi chake, ina silabi mbili, inaishia kwa irabu. Bomba la Pwani liliingia vilevile kutoka kwa Wareno, na hakuna anayelidai pasipoti. Anayeona pompe ni ugeni na pushapu ni Kiswahili anachagua tu mkoloni.

Maneno madogo yanayozunguka zoezi yana urahisi zaidi. Seri ina mwenzake mzuri, mkupuo, ambao tayari nimeutumia huko juu bila msomaji kulalamika. Mikupuo mitatu ya pompe kumi. Kati ya mkupuo na mkupuo, pumziko. Misuli inajulikana. Mubiri, kama unavyoitwa mwili Katanga, hauhitaji msaada wangu.

Kinachonivutia zaidi ni vitenzi vilivyolala, ambavyo mtu wa mazoezi angeviamsha kwa faida. Mji huu una mfano ulioonwa na dunia nzima. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa Élisabethville waliunda timu ya mpira ambayo baada ya majina kadhaa ikawa TP Mazembe, na watani wao wa Lupopo, timu ya watu wa reli, wanatokea mwaka uleule. Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa bila ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako Inter ya Milan iliwafunga 3. Golikipa Robert Kidiaba alishangilia kwa namna yake: aliketi chini, miguu mbele, akarukaruka kwa makalio uwanjani. Huenda watangazaji wa lugha nyingi walikosa neno. Kiswahili kinalo: kusota. Kamusi zinalieleza kuwa ni kujikokota kwa makalio, kama mtoto asiyetambaa. Mitaani limekuwa la mateso: kusota kwenye foleni, kusota bila kazi. Kidiaba alisota kwa furaha, na kwa tumbo la chuma, kwa sababu mwendo ule unakula misuli ya tumbo na nyonga. Jaribu mara kumi sebuleni, mlango umefungwa.

Ngoma nayo imekuwa shule ya amri. Beni ilizaliwa Pwani mwishoni mwa karne ya 19, jina likitoka kwa bendi, na wachezaji wake waliligeuza gwaride kuwa mchezo: mistari, vyeo, kugeuka, kusimama. Ikafika Katanga pamoja na watu, ikaitwa mbeni, na wakoloni hawakuipenda hata kidogo. Amri za kizungu zilikuwa zimechukuliwa na watu waliozichezea. Ndivyo ningependa tufanye na orodha ya mazoezi yanayotujia kwenye simu: kuyachukua bila heshima kubwa, kuyacheza, na kuona ni yapi yanabaki na jina lao.

Limebaki jina moja linalokataa kufugwa. Royal Burpee alikuwa mtaalamu wa fiziolojia wa New York, na katika miaka ya 1930, akiwa katika masomo yake ya udaktari, alitafuta njia ya haraka ya kupima utimamu wa mtu. Akabuni mwendo wa hatua nne: chutama viganja chini, tupa miguu nyuma, irudishe, simama. Ulifanywa mara chache tu, kisha moyo ukapimwa. Jeshi la Marekani likauchukua, vizazi vilivyofuata vikaongeza pompe katikati na kuruka mwishoni, na jina la ukoo la mtu mmoja likawa nomino ya kawaida, ambayo Lubumbashi hutamkwa kila mmoja anavyoweza. Kulitafsiri haiwezekani, huwezi kutafsiri jina la baba wa mtu. Kulifupisha pia hapana, kwa kuwa hakuna kitenzi kimoja chenye mambo yote hayo. Kinachowezekana ni kuliamuru, hatua kwa hatua, sita badala ya nne: chutama, tupa, shuka, panda, vuta, ruka. Amri ya kwanza ina silabi tatu, zilizobaki mbili mbili. Anayehesabu kwa sauti atajua kwa nini unapofika mkupuo wa tatu.